Mfanyakazi wa Saa Kumi na Moja

Mtu aliyechelewa anadaiwa nini, na deni lake linakwisha lini? Swali hili limenikaa rohoni tangu wazee wa usharika wetu hapa Minnesota walipoanza kuniletea barua zao za bima baada ya ibada ya Jumapili. Mimi ni Mlutheri wa Machame, mzee wa kanisa, na kazi ya maisha yangu ilikuwa hesabu: nilianza ukarani katika chama cha ushirika cha kahawa huko Kilimanjaro, nikastaafu katika ofisi ya uhasibu huku ughaibuni. Kama mhasibu, naiona sababu ya kila senti katika barua hizo. Kama Mkristo, nakwama kwenye mstari mmoja, ule unaosema kwamba faini ya kuchelewa kujiunga na bima ya dawa italipwa kwa muda wote ambao mtu atakuwa na bima hiyo. Kwa mzee ambaye moyo wake hauendi sawa bila vidonge, muda huo unaishia kaburini.

Nieleze kwanza sheria yenyewe, maana wengi huifahamu siku wanapotozwa. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ilianzishwa mwaka 1965, na dawa ambazo mtu anajinunulia dukani hazikuwamo. Dawa ziliongezwa kwa sheria aliyoitia saini Rais George W. Bush Desemba 2003, na bima hiyo mpya, inayoitwa Sehemu D, ikaanza kazi Januari 1, 2006. Kampuni binafsi ndizo zinazoiuza, na kujiunga ni hiari. Mtu anapewa dirisha la miezi saba: mitatu kabla ya mwezi anaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Dirisha likishafungwa, akikaa siku 63 mfululizo au zaidi bila bima nyingine ya dawa yenye kiwango kinachokubalika, kama ile ya mwajiri au ya maveterani, miezi inaanza kuhesabiwa. Kila mwezi mzima alioukosa ni asilimia moja ya ada ya msingi ya taifa, na jumla hiyo inabandikwa juu ya ada yake ya kila mwezi. Ada ya msingi ilikuwa dola 36.78 mwaka 2025, na kwa mwaka 2026 ni dola 38.99. Hata akichagua mpango usiotoza ada yoyote, faini yake iko palepale.

Nitoe mfano wa mzee mmoja wa usharika, ambaye jina lake nalihifadhi. Alitimiza miaka 65 Septemba 2020. Alikuwa mtu wa kazi za usiku, mwenye mgongo wa chuma, na alijisifu kwamba hajui hata ladha ya panadoli. Nilipomgusia bima ya dawa alinicheka kwa upole. “Ndugu yangu, mimi sinywi dawa. Nikalipie vidonge vya nani?” Dirisha lake likafungwa mwisho wa Desemba mwaka ule. Mwaka 2024, majani yakianza kupukutika, moyo wake ukaanza kupiga ovyo, na daktari akamwandikia apixaban, dawa ya kuzuia damu isigande, anayoimeza asubuhi na jioni bila kikomo. Alijiunga katika msimu wa kila mwaka, ule wa Oktoba 15 hadi Desemba 7, na bima yake ikaanza Januari 2025. Kati ya dirisha kufungwa na bima kuanza ni miezi 48. Asilimia 48 ya dola 36.78 ni dola 17.65, na kwa kuwa sheria inakadiria hadi senti kumi iliyo karibu, akaandikiwa dola 17.70 kila mwezi. Mwaka uliofuata ikawa dola 18.70. Hakuwa amechelewa zaidi. Kuchelewa kwake ni kulekule. Ada ya msingi ndiyo iliyopanda, na faini inaifuata popote iendako.

Nikakaa na kalamu. Ada ya msingi ilikuwa dola 33.06 mwaka 2021, 33.37 mwaka 2022, 32.74 mwaka 2023 na 34.70 mwaka 2024. Angelipa kiasi hicho kila mwezi kwa miaka yote minne, angekuwa ametoa dola 1,606.44. Hizo ndizo fedha ambazo, kwa kipimo cha taifa, mfuko ulizikosa kutoka kwake, na katika miaka hiyo mfuko nao haukumnunulia hata kidonge kimoja. Sasa tazama anachorudisha: dola 212.40 kwa mwaka 2025, dola 224.40 kwa mwaka 2026. Tuseme faini isipande tena hata senti moja, jambo ambalo silitarajii. Hesabu inafungwa Machi 2032, akiwa na miaka 76. Kufikia mwezi huo atakuwa amelipa yote ambayo angelipa tangu mwanzo, tena juu ya ada yake ya kawaida kama mwanachama mwingine yeyote. Aprili 2032 atatozwa tena. Kwa ajili ya nini?

Wanaoitetea faini hii wana hoja nzito, na sitaki kuipunja. Bima ni mfuko wa pamoja. Kama mtu anaweza kukaa nje akiwa mzima na kuingia siku anapougua, kila mwenye akili atafanya hivyo, mfuko utabaki na wagonjwa watupu, ada itapanda, waliobaki wazima watatoka, na mwisho wake ni kuvunjika. Serikali ingeweza kumlazimisha kila mtu alipe, lakini ilichagua hiari, na hiari hiyo ikawekewa uzio. Msimu wa kwanza ulipofungwa Mei 15, 2006, uzio ukaanza kufanya kazi. Kama mtu wa ushirika nalielewa hilo vizuri. Nimeona wanachama waliouza kahawa kwa walanguzi mwaka wenye bei nzuri, halafu wakarudi ushirika bei ilipoanguka, wakitaka mgawo sawa na wale waliovumilia.

Jambo hili tulilijadili jioni moja katika jumuiya yetu, na aliyesema kwa nguvu kuliko wote alikuwa binti mmoja muuguzi, ambaye kila siku anawaona wazee wakikata vidonge vipande viwili ili viwafikishe mwisho wa mwezi. Nilidhani angekuwa upande wangu. “Shikamoo baba,” alianza, “lakini niambie, wale wanawali watano wenye busara walikosea nini? Wangegawa mafuta yao, taa zote kumi zingezimika njiani, na bwana arusi angepokewa gizani.” Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na kweli, katika mfano ule wa Mathayo sura ya 25 hakuna anayewakemea wale watano kwa kukataa kugawa. Mafuta yalikuwa kidogo. Waliochelewa walikuta mlango umefungwa, na Bwana hakuufungua.

Lakini Mathayo huyohuyo, sura tano kabla yake, ameandika mfano mwingine wa waliochelewa. Mwenye shamba la mizabibu aliajiri watu tangu alfajiri, akaongeza wengine saa tatu, saa sita na saa tisa, na saa kumi na moja, jua likienda kuzama, akawakuta wengine bado wamesimama sokoni. Wakati wa malipo akawapa wote dinari moja moja. Wa alfajiri wakanung'unika. Kwa muda mrefu nilisoma mifano hii miwili kama vile haijuani, mmoja wa ukali na mmoja wa huruma, kila mhubiri akichukua ule unaomfaa siku hiyo. Barua za bima ndizo zilizonifanya niione tofauti yake, nayo ni tofauti ya kihesabu kabisa: mali ni ya nani? Mafuta yalikuwa ya wanawali wenyewe, na kila tone walilogawa lilipungua katika taa zao. Dinari zilikuwa za mwenye shamba. Wa alfajiri hawakupoteza hata chembe kwa wa jioni kulipwa sawa nao. Kilichowauma ni kulinganishwa.

Basi nikamuuliza yule binti: “Mwanangu, fedha za Sehemu D zinatoka wapi?” Watu wengi huamini zinatoka kwenye ada za wazee. La. Sheria ya 2003 iliipanga ada ya msingi iwe asilimia 25.5 ya gharama ya bima ya kawaida, na sehemu kubwa ya robo tatu zilizobaki ni hazina ya serikali, yaani kodi. Sheria nyingine ya Agosti 2022 ikaongeza kwamba ada hiyo ya msingi isipande zaidi ya asilimia sita kwa mwaka, kwa hiyo hazina inabeba mzigo mzito zaidi. Na katika kodi hiyo imo ya yule mzee mwenyewe, aliyokatwa kwenye kila mshahara wa kazi za usiku. Mfuko huu si chupa ya mafuta ya wanawali watano. Kwa sehemu iliyo kubwa ni shamba la mizabibu, na mwenye shamba ni sisi sote, yeye akiwamo. Kwa robo ile iliyo ya ada, nakubali hoja ya mafuta, na ndiyo maana nilipiga hesabu mpaka Machi 2032. Baada ya hapo naona manung'uniko ya wafanyakazi wa alfajiri yaliyogeuzwa kuwa sheria.

Sidai serikali ifanye kazi ya msalaba. Sisi Walutheri tumefundishwa tangu kipaimara kutochanganya sheria na neema, na mimi siiombi ofisi ya bima imhesabie mtu haki bure. Naidai sheria iwe sheria kamili, na sheria kamili ina mwisho. Torati, ambayo wengi huiona kali, iliweka mpaka hata kwa mtu aliyestahili viboko: arobaini, visizidi, ili ndugu yako asije akadharaulika machoni pako. Aliyeandika hivyo katika Kumbukumbu la Torati alijua kwamba adhabu isiyo na kikomo hubadili jinsi tunavyomtazama anayeipokea. Anaacha kuwa ndugu aliyekosa, anakuwa mkosaji daima. Kitabu hichohicho kinaagiza kila mwisho wa miaka saba wenye kudai waachilie madeni. Nilipoona hesabu yangu ya kalamu imefungwa baada ya miaka saba na miezi mitatu, nilishtuka kidogo. Sisemi kuna muujiza hapo. Nasema watu wa kale, bila kompyuta, waliona kwamba ipo mahali pa kusimama, na hapakuwa mbali na pale hesabu zangu ziliposimama.

Mpaka hapa nimesema habari za mtu aliyechagua kwa hiari yake. Yupo pia mama mmoja wa Kigoma ambaye hakuchagua chochote. Alifanya kazi ya kufua mashuka mpaka amepita miaka 65, na mwajiri wake alikuwa na bima. Ilikuwa na dawa ndani yake, lakini kiwango chake hakikufika kile kinachokubalika. Mwajiri anapaswa kuwajulisha wahusika kila mwaka, kabla ya Oktoba 15, kama bima yake inafikia kiwango hicho au la. Barua ilikuja. Nimeiona kwa macho yangu, ndani ya kopo la biskuti, pamoja na barua nyingine nyingi, haijafunguliwa. Ilikuwa ya Kiingereza cha kisheria, yenye aya juu ya aya, na neno lililomhusu liko ukurasa wa pili. Mtu aliyepewa faini ana siku 60 za kuomba iangaliwe upya, na kama hakujulishwa ipasavyo kwamba bima yake haikufikia kiwango, hiyo ni hoja inayosikilizwa. Yeye alijulishwa. Karatasi zinasema hivyo.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Aristotle, ambaye nilimsoma uzeeni. Katika kitabu cha tatu cha maadili yake, kile kinachoitwa kwa jina la Nikomako, anakiri kwamba watunga sheria humwadhibu mtu hata kwa kutojua kwake, ikiwa kutojua huko amekutaka mwenyewe. Mlevi, kwa mfano, huadhibiwa mara mbili. Tena humwadhibu asiyejua jambo la sheria alilopaswa kulijua. Lakini ameongeza sharti ambalo wasomaji wengi hulipita: jambo lenyewe liwe si gumu kulijua. Sharti hilo lina uzito wote wa haki. Mimi nimeshika vitabu vya hesabu maisha yangu yote, na bado ilinibidi kusoma maelezo ya Sehemu D zaidi ya mara moja ndipo nikaelewa kwamba bima inaweza kuwa na dawa na bado isihesabike. Mama wa Kigoma aliyemaliza darasa la nne, anayesoma Biblia yake ya Kiswahili kwa kidole, amewekwa katika mizani moja na yule mzee aliyenicheka. Asilimia moja kwa mwezi, wote wawili. Sheria haina jicho la kutofautisha aliyecheza kamari na aliyeshindwa kusoma.

Na kuna jambo jingine ambalo watunga sheria hawakuweza kulijua. Kwetu Tanzania uzee wenyewe ndio kitambulisho. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Ukifika na mvi zako, watu wanakupisha, hata kama dawa yenyewe utaambiwa ukanunue nje. Mtu aliyekulia huko haingii akilini mwake kwamba uzee una tarehe ya mwisho ya kuuombea msaada, na kwamba ukipitwa na tarehe hiyo utailipia mpaka ufe.

Jirani yangu ni Mwislamu wa Mombasa, na tunapoondoa theluji njiani huzungumza haya. Nilipomsimulia alisimamisha koleo lake. “Mzee mwenzangu, hebu nambie, jumla yake ni ngapi?” Nikamwambia haina jumla, inategemea ataishi miaka mingapi. Akasema kwao mwenye dhiki anayedaiwa huamriwa angojwe mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni heri zaidi. Lakini kilichomsumbua zaidi ni deni ambalo hata mdai hawezi kulitaja kiasi chake. Mtu ataombaje msamaha wa kitu kisicho na idadi? Mtoto wake atalilipaje kwa mkupuo ili baba apumzike? Nimelitafakari swali hilo kuliko mahubiri mengi. Mwenye kuishi muda mrefu ndiye anayelipa zaidi, kana kwamba kila mwaka anaojaliwa na Mungu ni kosa jipya.

Tena sisi wenyewe tunajua njia iliyo bora, kwa maana tunaitumia. Watanzania wa hapa tuna chama cha kufa na kuzikana, kama vile kila kijiji cha nyumbani kilivyo na chake. Kusafirisha maiti kutoka Minneapolis mpaka Kilimanjaro si fedha ndogo, na waliotangulia wamechanga miaka mingi. Anapokuja mtu mpya tunamtoza kiingilio, na kiingilio hicho ni kikubwa zaidi kwa yule aliyekuwa hapa siku zote akatuangalia tu. Halafu kuna miezi ya kungoja ambayo akifiwa hapewi mgawo kamili. Tunamfungia mlango wa ujanja. Lakini miezi ikipita na kiingilio kikikamilika, jina lake linaandikwa kwenye daftari kama majina mengine, na katibu hana safu ya kuandika nani alichelewa. Hakuna aliyewahi kudai mwanachama wa namna hiyo achange zaidi milele. Angedai, nadhani akina mama wangemnyamazisha kabla mwenyekiti hajafungua kinywa.

Hata sheria ya Medicare inajua kusamehe, na hili ndilo linalonipa ujasiri wa kuandika. Mtu aliyeingia Medicare kabla ya miaka 65 kwa sababu ya ulemavu, akapata faini kwa kuchelewa, anapotimiza 65 faini ile inafutwa na anaanza upya. Mwenye kipato kidogo anayekubaliwa kwenye Msaada wa Ziada hatozwi kabisa. Kwa mwaka 2025 mstari wa mtu mmoja ulikuwa kipato cha dola 23,475 kwa mwaka, na akiba na mali za kuhesabiwa zisizozidi dola 17,600. Mama wa Kigoma tulimjazia fomu hiyo, akakubaliwa, na faini ikaondoka. Yule mzee yuko juu ya mstari kwa kiasi ambacho angekimaliza kwa kununua matairi ya gari. Kwa hiyo kufuta si jambo geni, wala halijaubomoa mfuko. Ninachoomba ni kimoja: faini iwe na mwisho ulioandikwa. Aliyekosa miezi 48 alipe mpaka arudishe alichokosa kutoa, halafu afutwe kwenye safu hiyo. Nimemwandikia hivyo mbunge wa jimbo letu, pamoja na hesabu yangu yote.

Lakini siwezi kuliachia Bunge kila kitu, kwa sababu kuna sehemu ya mfano wa wanawali ambayo binti yetu muuguzi aliiruka, nami pia nilikuwa nairuka. Wote kumi walisinzia wakalala. Hata wale wenye busara. Walikaa pamoja jioni nzima, taa kando kando, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia mwenzake maduka yangali wazi akamuuliza, dada, una akiba ya mafuta? Usiku wa manane hawakuwa na la kugawa. Jioni walikuwa nalo: neno moja tu. Sisi nasi tulikaa na yule mzee kanisani miezi saba, tukala naye ndizi na nyama, na kicheko chake kikatutosha.

Usharika una daftari la washarika, na daftari lina tarehe za kuzaliwa za wote, tangu ubatizo. Katika kikao cha wazee nimeomba daftari hilo lipitiwe kila robo mwaka, na kila atakayebakiza miezi mitatu kufikia 65 atembelewe nyumbani na watu wawili, mmoja ajuaye fomu na mmoja ajuaye lugha ya nyumbani kwake, hata kama anasema hanywi dawa, hasa kama anasema hanywi dawa. Kopo la biskuti nalo lifunguliwe, barua zisomwe kwa sauti. Minnesota ina washauri wa bima wa bure kwa wazee, wanaofikiwa kwa simu ya Senior LinkAge Line, na tumekubaliana kwamba mtu wa kwanza kupiga asiwe mzee mwenyewe. Kwa mwaka huu majina yaliyopatikana ni machache, na la kwanza katika orodha ni la mpiga kinanda wetu.